Usimkimbize Kereng'ende, Mdogo Wangu

Tangu nilipogusia habari ya kupiga picha wadudu kwa karibu, ujumbe wenu umekuwa mwingi, na karibu wote una lalamiko moja: mdudu akitulia picha inatoka safi, akisogea kidogo tu anageuka ukungu. Halafu linafuata swali la pili, ambalo najua kwenu ndilo la kwanza: "Dada, ninunue kamera gani?"

La kamera nitalijibu, ila si sasa hivi. Kwanza kuna jambo naliona kwenye picha mnazonitumia, na kamera ya bei yoyote haitalitibu. Mnawakimbiza wadudu. Mnamwona kipepeo, mnamfuata. Akihama ua, nanyi mnahama. Akipanda juu, mnainua kamera. Na jua likizama mnarudi nyumbani na picha tele za majani matupu. Lenzi ya makro ikifika mwisho wa uwezo wake, kwenye kamera yenye kihisi kikubwa, inaona eneo lenye upana wa sentimita tatu na nusu tu. Mdudu arukaye anavuka eneo hilo kabla hujamaliza kupepesa jicho. Hakuna mkono wa binadamu wa kumfuata.

Kazi yako ni nyingine. Ni kujua atapita wapi, kuweka fokasi hapo kabla hajafika, na kumngoja.

Chukua kereng'ende. Nenda kwenye bwawa, kwenye mfereji wa shamba la mpunga, au kwenye dimbwi lililokaa muda baada ya mvua. Kaa pembeni bila kupiga picha yoyote. Baada ya muda utamwona dume mmoja, mara nyingi mwekundu, ametua kwenye ncha ya kijiti. Anaondoka, anamfukuza dume mwenzake au anakamata mbu hewani, kisha anarudi palepale alipokuwa. Ataondoka tena, atarudi tena. Pale ni kwake na anapalinda. Ukishamjua hivyo, kazi imekuwa nyepesi: sogea polepole akiwa hayupo, kaa ubavuni mwa kijiti, weka fokasi kwa mkono kwenye ile ncha, kisha ungoje. Akikaribia kutua hupunguza mwendo hadi karibu asimame hewani, miguu imeanza kunyooka mbele. Hapo ndipo pa kubonyeza.

Si kila kereng'ende ana tabia hiyo, na ndiyo maana nasema mjue kwanza unayemngoja. Wale wa rangi ya dhahabu wanaokuja kwa makundi wakati wa vuli, wakizunguka juu ya viwanja vya mpira mchana kutwa bila kutua, ni wasafiri. Mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, alieleza mwaka 2009 jinsi wanavyovuka Bahari ya Hindi kutoka India kupitia visiwa vile hadi Afrika Mashariki, wakisaidiwa na pepo za msimu. Ukimwekea huyo fokasi kwenye kijiti utangoja mpaka adhana ya magharibi. Anahitaji lenzi ndefu ya kuvutia vitu vya mbali, na hiyo ni kazi tofauti kabisa na tunayoizungumza leo.

Sasa tuje kwenye ukungu wenyewe, kwa sababu mkielewa unatoka wapi hamtadanganywa na muuza duka.

Makro ya kweli maana yake ni kwamba mdudu wa milimita 7 anachukua milimita 7 kamili kwenye kihisi cha kamera. Umbo lake halikupunguzwa hata kidogo, na mwendo wake pia haukupunguzwa. Chukua sisimizi anayetembea sentimita 5 kwa sekunde, mwendo wa kawaida tu. Ukifungua shata kwa 1/200 ya sekunde, katika muda huo amesogea robo ya milimita. Ni kidogo, lakini kwenye kihisi kikubwa cha pikseli milioni 24 kila milimita moja ina pikseli kama 167. Robo ya milimita ni pikseli arobaini na kitu. Huo ndio ukungu wako. Vinyweleo, mistari ya jicho, meno ya taya, vyote vimepakwa juu ya pikseli arobaini. Ukiweza kupunguza muda ule hadi 1/10,000, mdudu yuleyule atakuwa amesogea chini ya pikseli moja, na utahesabu vinyweleo vyake.

Najua mtakachosema: "Dada, shata yangu haifiki huko, na nikiwasha flashi inagoma kupita 1/200 au 1/250." Ni kweli, kamera nyingi ziko hivyo, na hilo lisiwasumbue. Kwenye kazi hii anayemgandisha mdudu si shata. Ni flashi. Kama mahali ni pa giza kiasi na mwanga wote wa picha unatoka kwenye flashi, basi picha inachorwa ndani ya ule muda mfupi flashi inapowaka, hata kama shata imebaki wazi mara hamsini zaidi.

Hapa kuna siri ambayo natamani kila mmoja wenu aiandike mahali. Flashi za kawaida za kuchomeka juu ya kamera hazipunguzi nguvu kwa kufifia, zinapunguza kwa kukatika mapema. Ikiwa kwenye nguvu zote inaweza kuwaka kwa kitu kama 1/1,000 ya sekunde, au hata muda mrefu zaidi. Ukiishusha hadi 1/32, nyingi zinakatika ndani ya 1/10,000 au chini yake. Kwa hiyo flashi dhaifu ndiyo inayogandisha vizuri zaidi. Na ili flashi dhaifu itoshe, lazima iwe karibu sana na mdudu, sentimita chache, si juu kabisa ya kamera ikimwangalia kwa mbali.

Mwanga mkali wa karibu unachoma. Migongo ya wadudu inang'aa, na flashi tupu inaacha doa jeupe lisilo na kitu ndani yake. Weka kitu cheupe katikati ya flashi na mdudu. Kipande cha kidumu cheupe cha maziwa kilichokatwa na kukunjwa kinafanya kazi nzuri. Karatasi nyembamba mbili tatu pia zinafaa. Muhimu kiwe kikubwa na kiwe karibu na mdudu, ili mwanga umzunguke.

Vipimo vya kuanzia, kwa wanaopenda namba: kamera kwenye M, shata 1/200, tundu la lenzi f/11, ISO 200, flashi 1/32. Piga, tazama, rekebisha. Msikimbilie f/22 mkidhani mtapata kina zaidi cha ukali. Lenzi ikiwa kwenye makro kamili, f/11 inafanya kazi kama f/22 tayari, na ukizidi hapo mwanga wenyewe unatawanyika kwenye tundu dogo na picha yote inalegea. Kwa f/11 kina chako ni kama milimita moja na theluthi. Hicho tu. Basi kitumieni vizuri: mwekeni mdudu ubavu, mwili wake uwe sambamba na kamera, na jicho ndilo lipate ukali hata kama mkia utapotea.

Kuna jambo moja la jua linalowatesa wa pwani. Kwenye jua kali la saa sita mchana, vipimo nilivyotaja vinaruhusu jua nalo liingie kwenye picha. Flashi inamgandisha mdudu vizuri, lakini jua linaendelea kumchora kwa muda wote wa 1/200, na unapata mdudu mkali mwenye kivuli chake cha ukungu kimemfuata nyuma. Dawa ni kivuli. Fanya kazi chini ya mti, au asubuhi na jioni, au simamisha mwavuli juu ya ua kabla nyuki hajafika. Ukimwekea kivuli ghafla akiwa ameshatua, ataondoka. Flashi nyingi pia zina mpangilio unaoruhusu shata ya 1/2,000 na zaidi. Kwa kazi hii uzimeni. Flashi ikiwa hivyo haiwaki mara moja, inamulika kwa mfululizo mrefu ili ifuate shata inavyopita, na ule ufupi wa mwanga tuliokuwa tunautafuta unapotea.

Ukipenda kujua jambo hili lilianzia wapi, tafuta habari za Lucien Bull. Alizaliwa Dublin, akafanya kazi Paris kwenye taasisi ya Étienne-Jules Marey, na mwaka 1904 alipiga picha wadudu wakiwa wanaruka kwa kutumia cheche za umeme. Cheche huwaka na kuzima upesi mno. Kilichomshinda kwanza ni kilekile kinachowashinda nyinyi: mdudu haondoki unapotaka aondoke. Bull akaunda vifaa ambavyo mdudu mwenyewe, anapoanza kuruka, ndiye anayeifungua kamera. Miaka sabini baadaye Mwingereza Stephen Dalton akafanya jambo la aina hiyo kwa mwali wa taa na flashi fupi sana: mdudu akikatiza mwali, picha inapigwa. Kitabu chake *Borne on the Wind* kilitoka mwaka 1975, na picha zake bado zinawashangaza watu wenye kamera za leo. Tazameni, hawa mabingwa wawili hakuna aliyemkimbiza mdudu. Wote waliandaa mahali, wakamwachia mdudu afike.

Sasa nataka nikae kidogo na mdudu mmoja.

Kama ningeambiwa nichague mdudu wa kumfundishia anayeanza, nisingechagua kipepeo. Ningekupeleka chini ya mwembe wenye sisimizi waitwao maji moto. Wapo pwani yetu yote na visiwani, wekundu wa hudhurungi, miguu mirefu, na kila aliyewahi kukwea mwembe utotoni anawafahamu kwa ngozi yake. Wakulima wa minazi wanawaheshimu, kwa sababu wanamfukuza mdudu anayefyonza vidaka vikadondoka kabla havijawa madafu. Mfyonzaji huyo anaitwa kisayansi *Pseudotheraptus wayi*, jina linalomkumbuka Michael Way, aliyechunguza wadudu wa minazi Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo unapowapiga picha maji moto hupigi picha kero. Unapiga picha walinzi wa shamba la mtu.

Nawapenda kwa kazi hii kwa sababu mwendo wao unatabirika. Wana njia zao juu ya tawi, wanapita palepale siku nzima. Weka fokasi kwenye kifundo cha tawi, na ndani ya dakika chache wamepita wengi kuliko utakaowapiga. Hapo utajifunza jinsi ya kuweka fokasi kwa mkono, kuiacha, na kusogeza mwili wako wote mbele na nyuma kidogo mpaka jicho la mdudu liingie kwenye ile milimita moja. Vidole visiguse pete ya fokasi tena. Ni mwili unaosogea. Jifunze hili kwa maji moto na utalitumia kwa kila mdudu mwingine.

Lakini picha yenyewe ninayotaka mwipate ni ya ushonaji. Maji moto hujenga nyumba kwa majani mabichi. Kwanza wanajipanga ukingoni mwa jani, wanalishika jani la pili kwa taya, wanavuta. Nafasi ikiwa pana, mmoja anamshika mwenzake kiunoni, na huyo anashikwa na mwingine, mpaka wanakuwa mnyororo wa miili unaovuta kwa pamoja. Kingo zikishakutana, wengine wanatoka na mabuu ya kundi lao, kila mmoja amembeba buu mmoja kwa taya. Wakubwa hawana hariri. Mabuu ndio wenye nayo. Basi anayembeba anamgusisha buu kwenye ukingo huu, kisha ule, kisha huu, na uzi unatoka, na jani linashonwa. Sijaona tendo la mdudu linalonigusa kama hili. Watoto wa nyumba ndio wanaotoa uzi wa nyumba.

Tena ni mwendo unaojirudia, huku, kule, huku, kule. Utazame mara kadhaa bila kupiga na utaanza kujua sekunde ambayo kichwa cha buu kitagusa jani. Weka fokasi kwenye mshono, kamera iwe sambamba na ukingo wa jani, na bonyeza kidogo kabla ya kuguswa, maana kidole chako na kamera yako vyote vina uchelewaji.

Kuwapata wakishona kunahitaji subira na kuuliza. Tafuta nyumba changa: majani bado ya kijani, mshono haujafumba, vijiuzi vyeupe vinaonekana. Waulize wenye shamba. Wanajua mti upi una kundi kubwa na tawi lipi liko chini. Wapo wanaochana nyumba iliyokamilika ili wawaone maji moto wakiishona upya. Nawaombeni sana msifanye hivyo. Ndani kuna mabuu, kuna kazi ya siku nyingi, na hasira utakayoiamsha itawafanya washambulie badala ya kushona. Picha utakayopata ni ya vita uliyoianzisha mwenyewe.

Ingizeni suruali ndani ya soksi. Msiegemee shina. Msiwapulizie, kwa sababu pumzi ikiwafikia wanainua tumbo juu, wanafungua taya na kurusha tindikali. Chagueni tawi lililo usawa wa kifua ili msiwe na kichwa chini ya njia yao. Na nendeni asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujaanza. Jani likiyumba milimita mbili tu, fokasi yako imekwisha, hata mdudu awe amesimama tuli. Kwenye maua ya bustani unaweza kuchomeka fimbo ardhini na kulishika bua kwa kibanio cha nguo, na tatizo la upepo likaisha nusu. Kwenye tawi lenye nyumba yao, usibane kitu.

Haya, kamera. Yoyote inayokuruhusu kubadilisha lenzi na kuweka vipimo kwa mkono inatosha, hata ya miaka kumi iliyopita iliyotumika na mtu mwingine. Fedha yako iende kwenye lenzi na flashi. Lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105 ndiyo ningekushauri, kwa sababu inakuacha sentimita kumi na kitu kutoka kwa mdudu. Zile fupi za milimita 50 au 60 zinakuleta karibu mno, unamzibia mwanga na kumtisha. Kama fedha haipo, nunua ringi za kurefushia. Ni mirija mitupu isiyo na kioo, unaweka kati ya kamera na lenzi uliyonayo. Lenzi ya milimita 50 ikiongezewa ringi za jumla ya milimita 50 inafika makro kamili. Utakuwa karibu sana na mdudu, lakini kwa maji moto na sisimizi wengine wanaopita njia moja, hilo linavumilika.

Na wenye simu pekee, msijitenge. Lenzi ndogo ya kubandika juu ya kamera ya simu inawasogeza vizuri. Udhaifu wa simu uko kwingine: nyingi husoma picha mstari kwa mstari kutoka upande mmoja hadi mwingine, si kwa mara moja. Bawa linalopiga mara mia mbili kwa sekunde linabadilika kabla picha haijasomwa yote, ndiyo maana mnaniletea picha za nyuki mwenye mabawa yaliyojipinda kama utepe. Simu yako si mbovu. Nguvu yake iko kwenye video ya mwendo wa polepole. Ikiwa inaweza picha 240 kwa sekunde, mpigeni maji moto akishona, panzi akiruka, kereng'ende akitua, kwenye mwanga mwingi wa jua. Hapa jua ni rafiki, kwa sababu linairuhusu simu ifupishe muda wa kila picha. Ila mkimpiga nyuki wa asali, msishangae mabawa yake yakionekana yanapiga taratibu au yamesimama kabisa. Anapiga kama mara 230 kwa sekunde, idadi inayokaribiana na picha za simu, basi kila picha inamkuta bawa likiwa karibu palepale lilipokuwa. Msimweleze mtu kwamba nyuki huruka hivyo.

Dada mmoja wa Kilifi ameniuliza kama kuna wadudu wa kupiga baada ya kazi, kwa sababu yeye hurudi nyumbani jua limezama. Wapo, na pengine ni wazuri kuliko wa mchana. Una mpapai uani? Kaa karibu nao giza linapoanza kuingia. Mwanasayansi wa wadudu wa Kenya, Dino Martins, amefanya utafiti kwenye mashamba ya mipapai na kuonyesha kwamba wanaoupelekea mpapai jike chavua ni nondo wakubwa wenye mrija mrefu, wanaofika magharibi kwa muda mfupi tu. Hawatui. Wanasimama hewani mbele ya ua, wanaingiza mrija, wanahamia la pili. Kwa flashi hali hii ni nzuri mno: giza limeshaondoa tatizo la jua, na mdudu amesimama mahali pamoja kwa sekunde moja au mbili. Chagua kishada kimoja cha maua ya mpapai dume kilicho chini, weka fokasi kabla giza halijawa zito, na kama unahitaji taa ya kuonea tumia nyekundu hafifu. Mweke nondo mzima kwenye picha, usimsogelee hadi makro kamili. Kwa mnyama wa ukubwa ule robo yake inatosha.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Kuna picha zinazosambaa za wadudu "wakiruka", kila unywele mkali kuanzia pua hadi mkia, matone ya maji mgongoni, mandhari ya rangi moja. Wadogo zangu wananiuliza mbona wao hawawezi. Nyingi ya picha za namna hiyo ni za mdudu aliyekufa. Ukali wa mwili mzima kwenye makro unapatikana kwa kuunganisha picha nyingi, kila moja ikiwa na fokasi yake, na hilo linahitaji mdudu asiyesogea hata kidogo. Wengine huwaweka kwenye jokofu mpaka wazubae. Wengine hutumia gundi au uzi. Mkiona picha ya mdudu anayeruka yenye ukali kila mahali, ulizeni. Na nyinyi msifanye hayo. Mdudu aliyegandishwa hana mkao wa mdudu aliye hai: miguu inakunjika vibaya, vipapasio vinalegea, na mtu anayewajua wadudu anaona mara moja. Lakini hata kama asingeona, ni uongo kumwambia mtazamaji kwamba hiki kilitokea wakati hakikutokea. Watafiti, wakulima na walimu hutumia picha hizi. Mnawapa ushahidi.

Hapohapo niwaondolee wasiwasi wa mabawa. Nyuki mwenye jicho kali na mabawa yaliyofifia si picha mbaya. Kwa maoni yangu mara nyingi ni bora, kwa sababu macho yetu yanaliona bawa lile hivyo, likiwa kama moshi mwepesi, na picha inasema anaruka. Kabla hujalaumu vifaa vyako, tazama jicho la mdudu. Likiwa kali, ihifadhi.

Kuhusu nyuki, nazungumza sasa kama dada mkubwa, si kama mpiga picha. Nyuki wa Afrika hana mchezo akiwa mlangoni kwake. Msisimame mbele ya mzinga kwenye njia yao ya kuingilia. Kama ni lazima, kaeni ubavuni na mbali, mkiwa pamoja na mwenye mizinga. Vaeni nguo za rangi nyepesi, kwa sababu nguo nyeusi zinawachokoza, na manukato acheni nyumbani. Mwenye mzio wa kuumwa na nyuki asiende peke yake hata kwenye bustani. Kwa anayeanza, pa salama ni kwenye maua mbali na mzinga, na alizeti ni ua jema mno: ni pana, nyuki anashughulika kwa muda mrefu, na akimaliza duara moja huinuka na kuhamia kichwa cha jirani kwa mstari ulionyooka. Weka fokasi ukingoni mwa ua analokwenda, si kwenye ua alilopo.

Mtaulizwa maswali. Binti aliyechuchumaa na kamera kando ya njia atasalimiwa na kila mpita njia, na nusu yao watauliza anapiga picha nini hapo chini penye majani. Jibuni kwa adabu na mwonyesheni picha. Shikamoo kwanza, kisha mwachie mzee aitazame kwa raha zake. Ataanza kukueleza mdudu huyu huonekana baada ya mvua ipi, hula mti gani, na jirani yupi ana wengi. Maarifa hayo huwezi kuyapata dukani kwa wauza lenzi, nayo ndiyo yatakayokuambia ungoje wapi.

Kwa wale mlioniandikia kwamba mnataka kuanza wiki hii na hamjui pa kuanzia: mvua zikinyesha, jioni yake washeni taa ya barazani. Kumbikumbi watakuja. Wanaruka kizito, hawana haraka, wanazunguka taa kwa kimo kilekile, na wakitua wanakimbia huku wakiyaangusha mabawa yao, wawili wawili, dume akimfuata jike kwa nyuma. Laza shuka jeupe sakafuni chini ya taa, lala kifudifudi, kamera iwe usawa wa shuka, flashi ya nguvu ndogo kutoka ubavuni. Kuku na majirani wenye ndoo watakuwa na mipango yao juu ya kumbikumbi haohao, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anaanza.

Mkinitumia picha, andikeni tarehe, saa, mahali, na mdudu alikuwa kwenye mmea gani. Picha isiyo na hayo naweza kuisifia tu. Yenye hayo naweza kuwasaidia kumtambua.